Virgule yenye ilishika kilima

Bintu, usinipigie. Niko mu toilette ya fac, hapa chuo, nalia.

Défense ya mémoire yangu, ile kazi ya kumaliza masomo juu ya kilima ya kwetu kama itaanguka, imekufa. Equation zilikuwa sawa zote! Prof Mushagalusa mwenyewe alisema: "Equation iko muzuri."

Kisha akauliza: "Udongo ya kilima yako inashikana kiasi gani?" Nikajibu 2,5. Akacheka. Akacheka, Bintu! "Mademoiselle, hii logiciel ya ordinateur haijuake virgule, ile mukato, inajuaka point tu, ile nukta. Imesoma 25. Kilima yako iko chuma!"

Virgule! Miaka mbili ya kazi, virgule!

Akanisukuma pembeni, akaweka point, akaanzisha hesabu upya. Kwa écran, mbele ya batu bote, kilima ikateremuka na manyumba yote ya avenue yetu.

"Ile yenye imeanguka ya kwanza ni ya nani?"
"Ya kwetu, prof."
"Basi leo mulale inje."
Salle yote ikakufa na kicheko.

Na maman? Alikuwa nyuma, na liputa yake mupya ya kitenge. Kuona kilima inatembea, akawaza kazi yangu imefaulu. Akasimama, akapiga makofi. Peke yake.

Sasa eko kwa mulango ya toilette, anagonga. Anasema nitoke, twende nyumbani.