Viatu vya Kaka na Kisigino Changu

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo, naomba msaada wako na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mume wangu sijamwambia, soksi nazivulia bafuni mlango nimeufunga kama mwizi.

Mimi ni fundi cherehani, na jambo lenyewe ni la kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa mchomeleaji wa vyuma mpaka ajali ya kazini ikamchukua macho, akakaa kwenye kochi mpaka kochi likashika umbo lake, hataki redio, hataki wageni, wifi yangu analia jikoni, basi siku moja nikamwambia kaka wewe ulikuwa mkimbiaji, inuka twende, mimi nitakuwa macho yako, nikashona kamba laini kwa mabaki ya vitambaa, ncha moja mkononi mwake na nyingine mkononi mwangu, tukaanza kuzunguka uwanja wa shule asubuhi, mimi nasema "kona", "jiwe", "shimo kulia", na Shangazi, yule mtu alirudi, anakula, anacheka, anagombana na wifi kuhusu chumvi, na sasa tumejiandikisha mbio za kilomita kumi, zimebaki wiki mbili.

Kwa furaha kaka akataka kunizawadia viatu, tena bila mimi kujua, akaokota uzi chini ya cherehani yangu akapimia kandambili zangu mlangoni, akaenda na wifi dukani, sasa angejuaje kwamba zile kandambili ni ndogo na kisigino changu huning'inia nje? Viatu vikaja vyekundu, vizuri mno, vinabana kuliko maelezo, naye kapiga magoti, ananipapasa miguu, anauliza, "Vimekaa?" nikajibu, "Vimekaa, kaka, utadhani vimeshonwa kwangu," na uongo huo ndio ninaokimbia nao hadi leo.

Malengelenge yalianza kisigino cha kulia, nikajikaza kisabuni, yakaja cha kushoto, la kwanza nikalitoboa kwa sindano ya cherehani nikapitisha uzi na kuuacha humo humo ili maji yajitokee yenyewe, maana mimi kitu kikifumuka nashona, ndiyo akili yangu ilivyo, la pili nikalichuna ngozi yote, soksi zilipotoboka nikazitia viraka, na sasa pale penye uzi pamekuwa pekundu na panapwita. Juzi kaka alisimama katikati ya uwanja akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona hatua zako hazilingani?" nikasema nimekanyaga kijiwe.

Shangazi, nikimwambia ukweli ataona hata zawadi hawezi tena kununua, nikipumzika naogopa kochi litamchukua, kwa hiyo nimepiga moyo konde, hizi mbio nitazikimbia hata kwa kufa na tai shingoni, nakuomba tu unitajie dawa kali ya kutuliza maumivu siku hiyo.

Fundi Anayechechemea

*

Marahaba, Fundi. Nilijitahidi nisicheke, lakini ulipofika kwenye uzi nilishindwa. Kisha niliposoma kwamba panapwita, kicheko kikaisha.

Dawa ya maumivu sikutajii. Nyamazisha maumivu halafu ukimbie juu ya kidonda, uone utafika wapi. Mwenzako hana macho, wewe utakuwa huna mguu, na mmefungana kamba. Mkianguka mnaanguka wote.

Hebu nikuulize. Mteja akija na gauni linalombana kwapani, huwa unamwambia avumilie litazoea? Kiraka huwa unakiweka mahali kitakapomsugua mtu ngozi? Basi mguu wako nao ni mteja, mwanangu, na umemhudumia vibaya sana.

Sasa sikiliza. Wekundu huo, ukiwa na joto, usaha au mpwito, ni dalili kwamba vijidudu vimeingia, na vimeingia kwa kupanda huo uzi wako. Nenda kituo cha afya leo, kabla hujafungua kibanda, wautoe na wakusafishe. Ukiona mistari myekundu inapanda mguuni au ukishikwa na homa, hiyo ni dharura. Na msomaji mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo, lengelenge moja tu linatosha kumpeleka.

Kile ulichokichuna kioshe kwa maji safi na sabuni, kipake mafuta mazito ya mgando, kifunike kwa bandeji isiyoganda kwenye kidonda, na uibadilishe kila siku na kila inapolowa. Siku nyingine lengelenge dogo liache lilivyo, ngozi yake ndiyo bandeji bora. Likiwa kubwa na linauma hata kutembea, nawa mikono, lisafishe, tumia sindano mpya ya hospitali, litoboe pembeni, likamue taratibu na ngozi uiache mahali pake. Sindano ya cherehani ibaki kwenye cherehani!

Kukimbia, hapana, mpaka utembee bila kuchechemea. Najua unaliogopa lile kochi. Lakini huyo mume unayemfungia mlango wa bafuni, yeye hana miguu? Mpe kamba. Mfundishe kusema "shimo kulia". Kaka yako anahitaji mtu wa kukimbia naye, na hakuna aliyesema lazima awe wewe kila asubuhi. Na siku ya mbio ikifika hujapona, mumeo ashike kamba na wewe ukapige vigelegele kwenye mstari wa mwisho.

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uvijaribu na soksi utakazokimbilia. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, nyuma kisigino kisipande na kushuka. Soksi ziwe nyepesi, zisizoshika jasho, na viraka marufuku. Kabla ya kutoka, paka mafuta panaposuguana au bandika plasta. Ukisikia sehemu inaanza kuchoma, simama hapo hapo uitengeneze, usingoje mzunguko uishe. Viatu vipya vizoeshe kwa safari fupi fupi. Kama muda hautoshi, kimbia na raba zako kuukuu. Na duka likikataa kuvibadilisha hivyo vyekundu, mpe wifi avijaribu, naye kalia vya kutosha huko jikoni.

Nimebakiza kaka yako, na hapa ndipo ulipokosea kuliko kwenye uzi. Mtu anayeishi kwa masikio alikuuliza kuhusu hatua zako, ukamletea habari ya kijiwe. Anajua, Fundi. Huenda hajui ni kiatu, lakini anajua unaumia na anajua unamficha, na hilo linamuumiza zaidi ya viatu kukataa. Kila asubuhi anakimbia kwa kuamini kwamba ukisema pana shimo, shimo lipo, na ukinyamaza, njia ni safi. Ukimdanganya kwa kiatu, ataaminije barabara?

Kwa hiyo ukitoka kituo cha afya leo, usiende kazini. Pitia kwake. Keti kwenye hilo kochi, uchukue mkono wake, uuweke juu ya bandeji, umwambie, "Havijakaa, kaka. Twende tukachague vingine, na safari hii upime mguu wangu mwenyewe."