Kitambaa cha Mama Aneth

Moshi, Jumatano

Eti Linux yangu imeua kompyuta! Ndivyo Mama Aneth, mwenye intaneti kafe, alivyonitangaza leo mbele ya wateja. Virusi vilipomzidi, si yeye aliyenibembeleza niuweke mfumo huu usioshikwa na virusi ovyo?

Wiki nzima skrini ya kompyuta hiyo imekuwa ikizimika kila mchana, giza tupu. Wiki nzima nimefuta draiva, programu inayoendesha kadi ya picha, nikaiweka upya, nikajaribu ya zamani, nikajaribu… Usingizi sina.

Asubuhi nikafungua boksi la kompyuta. Feni ya kupoza kadi haizunguki, imezongwa na uzi mweupe. Uzi wa kile kitambaa chake cha kufuma! Anazifunika mashine kama televisheni ya sebuleni, tena anachomeka ncha kwa nyuma ili vumbi lisiingie. Kadi imeungua.

Nikaenda kumweleza. Hata shikamoo sijamaliza, akanikata: "Kusanya vitu vyako. Mpwa wangu anakuja kutoka Arusha, yeye amesoma."

Nikautia uzi mfukoni, nikafunga boksi.

Wakati natoka, alikuwa anaifunika ile mashine mpya anayojivunia, polepole, kama anafunika mtoto. Bila hata haya akaniuliza kama kitambaa kimekaa vizuri.

"Kinapendeza, mama. Chomeka zaidi hapo nyuma, vumbi lisipite."

Kazi sina, na mke wangu bado sijamwambia. Naogopa. Lakini leo, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, Mama Aneth alifuata ushauri wangu. Alichomeka mpaka ndani.