Begi la Ubao Mzima

Ruiru, 8 Februari 1999

Dada Ruqayya,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila vumbi la Ruiru limenipa kikohozi. Mguu wa mama umepoa?

Dada, mambo yameiva. Lile tangazo la mchezo wangu ambalo Absalom alilitia kwenye intaneti kule ofisini kwao Nairobi limezaa tena. Mzungu mmoja wa Uingereza, Bwana Pratt, yule aliyenunua zile tisheti zako sita za "Fika Soko", sasa anataka mabegi ya kitambaa ishirini. Na si jina la mchezo tu. Kila begi lichapwe ubao mzima, miraba yote kutoka Thika hadi Nairobi, na kanuni upande wa pili. Absalom ameunyoosha mchoro kwa kompyuta, nimeufunga humu. Chapa safi kama kawaida yako.

Ni mimi mdogo wako,
Waleed


Thika, 13 Februari 1999

Mdogo wangu Waleed,

Waaleikum salaam. Mama amepona, sasa ameanza tena kukagua sufuria zangu. Wewe kunywa tangawizi.

Nisikilize. Mwaka mzima tunachapa tisheti na kofia ili watu waujue mchezo wako, waununue. Huyu Pratt amenunua tisheti, amenunua kofia. Boksi la mchezo lenyewe je? Hata moja! Sasa anataka ubao wote na kanuni zote juu ya begi. Akishapata hivyo, wewe anakuhitaji wa nini? Atauchapa kwao kwa jina lake, na siku moja tutauona dukani Nairobi tukiambiwa umetoka Ulaya. Na huyo Absalom anapata nini hapo? Mimi sijaona mtu anayemtafutia mwenzake wateja bure.

Ni mimi dada yako,
Ruqayya


Ruiru, 20 Februari 1999

Dada yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa mama. Tangawizi imefanya kazi.

Lakini wewe! Hata jogoo akiwika mara mbili utauliza ametumwa na nani. Absalom nimekaa naye chumba kimoja miaka minne. Anachopata ni kunishinda mchezo kila Jumapili na kunicheka wiki nzima. Na boksi halinunuliwi kwa sababu ni zito, stempu zake zinapita bei ya mchezo. Begi linakunjwa. Waache waonje kwanza.

Kuna jambo sikukuambia. Nimeacha kazi kiwandani tangu mwezi jana. Mchezo huu ndio kazi yangu sasa, na huyu Pratt ndiye mteja pekee anayerudi. Tafadhali chapa kama mchoro ulivyo.

Mdogo wako,
Waleed


Thika, 6 Machi 1999

Waleed,

Salaam. Sisi wazima.

Mabegi ishirini yako tayari, Absalom amekuja kuyachukua leo. Rangi imekauka vizuri, usiwe na wasiwasi. Hilo la kuacha kazi kimyakimya tutaliongea ukija Idi, na mama ana maneno yake pia.

Dada yako,
Ruqayya


Ruiru, 17 Mei 1999

Dada Ruqayya,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Idi. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Pratt ameandika. Kumbe ni mwalimu. Ana kikundi cha watoto na wazazi wao wanaocheza michezo ya watengenezaji wadogo kama mimi. Walitandaza mabegi yetu mezani wakacheza majuma manne, na hakuna hata mmoja aliyefika Nairobi. Wote walikwama Ruiru, maana kanuni zinasema uvuke darajani, na ubaoni daraja hakuna. Dada, walikuwa tayari wamekubaliana kuagiza maboksi arobaini kwa pamoja, yaje na meli. Sasa anasema kwa upole mchezo ni mzuri ila haujakamilika, na hawawezi kuagiza.

Daraja nililichora mimi kwa mkono wangu. Aliyeugusa mchoro baadaye ni Absalom na kompyuta yake, nami kwa uzembe niliutia kwenye bahasha bila kuukagua. Ulinionya, dada. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwuliza kwa nini ameniharibia, akaapa kwamba si yeye. Nikamwonyesha barua ya Pratt. Akaisoma mara mbili, akanirudishia, hakujitetea tena. Nikamtolea vitu vyake nje. Sasa anaishi Githurai, na tangazo amelitoa kwenye intaneti.

Mdogo wako,
Waleed


Thika, 20 Mei 1999

Waleed,

Leo sina uso wa kukuuliza hali.

Absalom hana kosa. Mchoro ulinifikia na daraja lake. Mimi ndiye niliyeziba ile miraba miwili ya daraja kwa selotepu kwenye skrini, ile fremu ya kuchapia, kabla ya kupitisha rangi, mabegi yote ishirini. Nilijiambia, kama Pratt ni mwizi, basi aibe mchezo mbovu. Nilijiona mjanja sana, mpaka nikacheka peke yangu.

Kuna lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Absalom alipokuja kuchukua mabegi alikunjua la juu, akaniuliza, "Dada, daraja mbona silioni?" Nikamwambia wewe ndiye umebadilisha, na asikusumbue kwa maswali. Akasema, "Sawa dada," akayafunga vizuri akaondoka. Kwa hiyo siku ile uliyomwonyesha barua ya Pratt alijua ni mimi. Angetaja jina langu tu, ungenijia mimi juu. Alikubali kuitwa msaliti na kufukuzwa chumbani kuliko kukugombanisha na dada yako. Mimi nilikuwa namtafuta mbaya wako kila mahali, na kila siku nilikuwa namwona kwenye kioo.

Nimechapa mabegi mengine ishirini, daraja likiwemo. Nimemwandikia Bwana Pratt pia, nimemweleza kosa ni la mchapaji. Karatasi iko humu, lakini anayejua kuituma kwa intaneti ni Absalom.

Usinijibu sasa. Chukua barua hii uende nayo Githurai, ukamsomee yote, usiruke mstari. Akikukaribisha ndani, ndipo uniandikie.

Dada yako,
Ruqayya