Treni Iliyonisubiri

Uingereza, tarehe 21 Juni

Kwa Mama yangu mpenzi, Mama Germaine, Alunguli, Kindu

Mama,

Nakusalimu kwa upendo na heshima, nikitumaini kwamba goti lako limetulia na malaria imekuacha upumue. Désiré na watoto hawajambo? Na Baba mdogo Mardochée, bado anagombana na redio yake? Mimi huku nina afya, namshukuru Mungu. Baridi imepungua na kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea vizuri. Barua hii atakuletea Hamidou, mtoto wa jirani yetu, anayerudi nyumbani kusalimia wazazi. Nimeona heri niandike, kwa sababu simu hukatika kila tunapofika kwenye neno lenyewe, na mara nyingine, nisikufiche, anayeikata ni mimi.

Neno lenyewe unalijua. Ndugu za Baba wanataka tumkalie matanga kiangazi hiki. Tangu vita vya 1998, alipoitwa apeleke treni Kibombo na asirudi, hatujamlilia, maana hakuna aliyeona mwili. Wewe umekubali, Désiré amekubali, nimebaki mimi. Na kwa ukoo wa Baba kilio hufunguliwa na binti wa kwanza. Sauti yake isiposikika, watu wote hukaa wakitazamana tu. Kuja siwezi, karatasi zangu za kukaa huku hazijatoka. Na hata zingetoka, nilikuwa sitaki. Nilikuambia nitakujibu. Nitakujibu, Mama, lakini acha kwanza nikutembeze kidogo.

Nilikwisha kukutajia Fifi, binti wa Kalima ninayefanya naye kazi. Ameolewa na Mwingereza mpole, mrefu kama mnazi, na wazazi wa mumewe wanaishi kijijini. Aliponiona sina raha, akanilazimisha niende nao huko mwisho wa juma. Kutoka mjini ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na barabara haina hata shimo moja la kutupia sindano.

Nilipoingia kijiji kile nilimwonea huruma mwenye nyumba ya kwanza. Ukuta wake ulikuwa wa mawe mazuri yenye rangi ya asali, maua yamepanda mpaka dirishani, lakini paa ni la majani! Sisi huko mtu akipata kidogo tu anakimbilia mabati, hata kama jioni watakula mhogo mtupu. Nikamwuliza Fifi kama majirani hawawezi kumchangia mzee huyo. Alicheka mpaka akauegemea ukuta wa watu. "Dada, ule njo tajiri wa hapa!" akaniambia. "Majani iko bei kali kupita mabati!" Nimekuandikia hayo ili Désiré aache kujivunia paa lake.

Asubuhi yake nikakuta sanduku la mboga mbichi nje ya geti la mtu, na kibao kinachosema mpita njia ajichukulie. Mama, mimi mkono wangu haujui kuchukua bila kupewa. Nikasimama pale nikipiga hodi, hodi, mpaka mwenye nyumba akatoka mbio, sabuni ya kunyolea kidevuni, akauliza kama sanduku limekwisha. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Alishangaa kidogo, kisha akajibu yote, hata ya mbwa. Fifi anasema sasa kijiji kizima kinanijua.

Kuna mambo mengi niliyoyapenda. Mkulima mmoja amepanda ngano hadi kwenye ukingo wa kijiji, lakini katikati ya shamba ameacha njia, kwa kuwa watu walikuwa wakipita hapo tangu zamani za babu zao, na hakuna anayekata hata suke moja. Mto wao ungeuonea aibu, bata anauvuka kwa miguu. Mbele ya Lualaba yetu ni mfereji wa kuoshea vyombo. Lakini wameujengea daraja la mawe lenye umri wa mamia ya miaka na wanalitunza kama yai. Tulikwenda pia kuona jumba la bwana mmoja wa kale, lenye bustani ambayo waridi zake peke yake zingejaza uwanja wa kanisa letu. Nilitamani ungekuwepo, unipige kiwiko kila unapoona kitu.

Kanisani kwao kuna ukuta wenye majina ya vijana wa kijiji waliokufa vitani. Mama mkwe wa Fifi akanieleza kwamba baadhi yao hawakupatikana hata kipande, hakuna ajuaye walipolala. Nikamuuliza waliwezaje kuandika jina la mtu wasiyemuona. Akafikiri, akasema mama zao walichoka kungoja, na jina lilihitaji mahali pa kukaa. Nilikasirika, sijui kwa nini, nikatoka nje kabla yao.

Siku ya mwisho wakanipeleka kwenye treni. Karibu na kijiji kuna reli fupi ya zamani ambayo serikali iliiacha, wazee wa hapo wakaifufua kwa mikono yao. Hawalipwi. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine mwuza dawa, sasa kila mwisho wa juma wanavaa kofia nyeusi na kujipaka mafuta kwa furaha. Treni ya Baba ilikuwa ya mafuta ya mazutu, hii ni ya makaa na mvuke, lakini chuma cha moto kilichopakwa mafuta kina harufu moja tu duniani. Ilinikuta bado niko mlangoni mwa stesheni.

Dereva wao ni mzee mwenye nyusi nyeupe. Alikuwa akijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, akianzia kile kidogo cha mwisho. Unajua ni nani aliyefanya hivyo, Mama. Nikamwambia baba yangu pia anaendesha treni. Yule mzee akafurahi, akavua kofia kwa heshima, akaniuliza kwa upole Baba alistaafu lini.

Alistaafu lini! Nilifungua mdomo nimjibu kama ninavyowajibu watu siku zote, kwamba alisafiri, hajarudi bado. Kilichotoka ni kilio.

Nililia, Mama. Sikulia kwa leso kama wanavyolia huku. Nililia kwa mikono kichwani, nikakaa chini kwenye saruji ya stesheni, nikamwita Baba kwa majina yake yote, Onema eee, baba wa Pélagie eee, umeniachia nani. Waingereza maskini hawakujua la kufanya. Mmoja alidhani nimeumwa na nyuki. Mwingine akaleta kiti, mwingine chai, na wa nne akaleta chai tena. Mume wa Fifi akaanza kuniinua, lakini Fifi akamzuia. "Umuache, iko analilia baba yake," akamwambia kwa Kiswahili, akisahau kwamba mumewe hajui. Kisha akakaa chini kando yangu, akaniitikia kama inavyotakiwa, ili nisilie peke yangu.

Treni ile huondoka kwa dakika yake, imeandikwa ukutani. Siku ile haikuondoka. Watu walitoa vichwa madirishani, hakuna aliyenung'unika, na yule mzee alisimama kofia mkononi mpaka sauti yangu ilipokwisha. Ndipo akaniuliza jina la Baba. Nilipomtajia akapanda kwenye mashine, akapiga honi ndefu, akaondoka.

Basi jibu langu ndilo hilo. Najua Baba mdogo Mardochée atasema kilio hakifunguliwi ugenini. Mwambie sikukifungua barabarani wala chumbani kwangu. Nilikifungua relini, Baba akiwa mahali pake pa kazi.

Nisalimie Désiré, watoto, na wanakwaya wote wa Alunguli. Goti ulikande kwa maji ya moto, usiwe mbishi kama mimi. Tandikeni mikeka, Mama, msinisubiri. Lieni. Mimi nimekwisha kuanza.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Pélagie