Kivumbi wa Toleo la Kumi na Saba

Lodwar,
Jumatatu, 19 Januari 2026

Kaka yangu Magloire,

Ejok? Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba kile kifua chako kimetulia tangu vumbi la Desemba. Mimi nipo, nashukuru. Joto la Lodwar unalijua, sina la kuongeza. Mama bado analalamika magoti lakini kanisani anafika kabla ya mchungaji. Kaka yangu Lomorukai yuko Lokichar, ananunua na kuuza mbuzi, na amenenepa hadi Mama anasema siku moja watampima yeye badala ya mbuzi. Mimi niko palepale dukani, kwenye dawa za mifugo, na bado naandika shajara yangu kila jioni kabla ya kula. Ulikuwa ukinicheka kwa hilo. Leo nashukuru kwamba niliandika, maana mengine ya barua hii nisingeweza kuyasema kwa kichwa.

Toleo la 17 la kitabu chako cha katuni, Kikosi cha Laga, lilinifikia Jumatano tarehe 7, pamoja na kikaratasi chako. Ulinilaumu kwamba nimekuwa msomaji mtoro, kwamba tangu Toleo la 11 hujapata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Ulisema wasomaji wako wengine wanasifu kila ukurasa ili uwape nakala inayofuata kabla ya jirani zao. Ukaniomba nisome kama zamani, nikiwa na kalamu nyekundu, na nisikuonee huruma. Nimelisoma mara nne. Haya ndiyo maoni ya mtoro aliyerudi.

Kwanza niseme mkono wako umekomaa. Nilipofungua nilirudi kidato cha tatu, kwenye dawati la nyuma, tulipokuwa wanne na wewe ukatuchora sisi wenyewe. Nyaruach akawa Mfuniko, na ngao yake ikawa mfuniko wa sufuria ya arusi. Onésphore akawa Kivumbi, anayegeuka upepo wa vumbi na kupenya penye tundu lolote, na ambaye silaha yake ni mzaha. Mimi ukanifanya Kalenda, ambaye uwezo wake ni kukumbuka tarehe ya kila jambo, na Onésphore akauliza darasa zima kama mimi ndiye wa kuwaua maadui kwa usingizi. Ulimwacha aseme hivyo hata ndani ya kitabu. Sikukusamehe mwaka mzima.

Mafuriko ya Tarach, ile laga yetu, mto mkavu wa mchanga, kwenye ukurasa wa tatu ni mazuri kuliko yote uliyowahi kuchora. Maji yanakuja yakiwa na miiba na ndala moja, kama yanavyokuja kweli. Na adui wetu Foleni, lile joka refu lisiloonekana linapoanzia wala linapoishia, umemchora vizuri hadi nikasikia jua mgongoni. Yule mama aliyeketi juu ya kidumu tumboni mwa Foleni, ameshika kadi yake kwa meno kwa sababu mikono yote miwili imebeba watoto, nimemwona mara nyingi.

Lakini kwenye ukurasa wa kumi na nne Mfuniko anampiga teke moja na Foleni anakufa. Magloire, Foleni hafi hivyo. Katika Toleo la 4 tulimkata katikati, akawa foleni mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na kambi nzima ya wakimbizi hapo Kakuma ikacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Sasa chakula kimepunguzwa, watu wamegawanywa mafungu, na wewe unamwua kwa teke. Najua unataka kuwapa watu furaha kidogo. Tazama pembeni mwa ukurasa huo, kwenye nakala uliyonitumia. Kuna mtu ameandika kwa penseli neno moja tu: “Lini?” Mwenye nakala hakulifuta.

Halafu Kalenda. Umemvalisha viatu vya kisigino. Kwenye mchanga wa Tarach, kaka? Aende wapi?

Sasa nije kwa Kivumbi. Nimezunguka ili nichelewe kufika hapa.

Toleo la 12 sikulisoma, lakini Nyaruach alinieleza kwamba ndani yake Kivumbi anaota mabawa na kuruka kwenda nchi ya theluji. Ndiyo sheria yetu tangu mwanzo: mkimbizi anayepata safari ya kuhamishiwa ng’ambo, katika kitabu anapewa mabawa na kuaga kikosi. Onésphore aliaga, kwa hiyo ukamchorea mabawa. Hukukosea. Katika toleo hili anazungumza na kikosi kwa redio kutoka huko, kurasa nne nzima, na kurasa hizo nne ndizo mbaya kuliko zote ulizowahi kuchapisha. Anasema: “Vumilieni. Mambo yanashughulikiwa. Tarehe kamili nitawajulisha.” Huyo ni karani. Kivumbi wa Toleo la 7, aliyemezwa na Foleni tangu asubuhi, alimpigia Foleni kelele kwamba mkia wake umeruka mstari na kuingia mbele ya kichwa, na Foleni akageuka kuuangalia kwa hasira hadi akajifunga fundo. Huyu wa sasa katika kurasa nne hana mzaha hata mmoja. Hata Mfuniko hamtukani.

Najua utajibu nini, kwa sababu umeshaandika kwenye kikaratasi. Umesema maneno ya Kivumbi safari hii hukubuni hata moja. Ulimwandikia Onésphore kwenye simu, ukamwomba aseme mwenyewe angewaambia nini wenzake, naye akakutumia, na wewe ukanakili kama yalivyo. Umesema baridi ya huko imembadilisha.

Na kwenye ukurasa wa kumi na tisa anasema: “Msiondoke kambini. Subirini niwaite.” Chini ya picha yake, mahali ambapo wasomaji wako kwa desturi huandika jina na tarehe waliyosoma, kuna alama ya dole gumba kwa wino. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Mama Onésphore hajui kusoma, lakini ulinieleza kwamba kila toleo unalipeleka kwake kwanza, unamsomea sehemu za mwanawe, naye anaweka dole pale alipo. Na ulimaliza kikaratasi chako kwa habari ambayo kwako ilikuwa habari tu: mdogo wake Mama Onésphore amejiandikisha kurudi Burundi na watoto wake, orodha inafungwa Ijumaa tarehe 30, na Mama mwenyewe amekataa kuandikwa. Amesema mtoto wake alisema asubiri.

Magloire, keti chini kama umesimama.

Onésphore hakwenda ng’ambo. Alhamisi tarehe 14 Machi 2024 alipofika uwanja wa ndege na begi lake, jina lake halikuwemo tena kwenye karatasi. Waliambiwa yeye na wengine watatu kwamba wataitwa siku nyingine. Wewe unakumbuka jinsi mlivyomuaga. Ibada ya kumuaga ilikuwa Jumapili. Godoro alimpa jirani, baiskeli alikupa wewe, mabati ya chumba chake yalishang’olewa na watu wa kanisa, na mama yake alikuwa amelia hadi akamaliza. Aliniambia kwamba alitazama barabara ya kurudi kambini akaona hawezi. Angerudi na kumwambia jirani anyanyuke kwenye godoro? Mtu aliyekwisha kuagwa, alisema, akirudi watu wanamwogopa. Alipata lori lililokuwa likija huku, akabisha mlangoni kwetu saa kumi alasiri. Maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba ng’ambo kuna joto kuliko alivyodhani, na mbona wenyeji wote ni Waturkana.

Tulicheka, Mungu atusamehe. Alikaa kwetu wiki tano. Aliwatumia ujumbe kwa ile nambari yake ileile, akisema amefika na anaitumia kwa mtandao wa huko. Alisema ni kwa muda tu, mpaka aitwe tena. Niliapa kwamba sitasema. Baadaye akaenda Kerio, kule ziwani, akapata kazi ya kupasua samaki na kuwatia chumvi. Kila wiki alinipigia simu kuuliza kama nimesikia habari ya orodha mpya. Sikuwa nimesikia.

Ijumaa tarehe 30 Agosti, mwaka uleule, walimleta Lodwar juu ya magunia ya samaki, kwenye gari la mzigo. Alikuwa na homa siku ya nane. Alikuwa amekataa kwenda zahanati kwa sababu aliogopa kuulizwa kadi yake ni ya wapi. Hospitalini niliandikwa kuwa ni dada yake. Walijitahidi. Jumatatu tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi, alifariki. Tulimzika kesho yake, tukiwa watu wanne: mimi, mama yangu, Lomorukai na mchungaji wetu. Jina lake nililichonga mwenyewe kwenye ubao, na ile alama ya juu ya herufi ya tatu sikuisahau.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ni yangu peke yangu. Simu yake ilibaki kwangu. Tarehe 5 Septemba sauti ya mama yake iliingia. Alikuwa akimuuliza kama anakula, na kama kweli huko watu wanavaa soksi mbili. Ningeweza kukupigia siku ile. Nilikuwa na nambari yako. Niliandika: “Nakula vizuri, Mama. Soksi ni mbili.” Nilijiambia ni mara moja tu, mpaka nipate namna ya kusema. Onésphore hakuniomba hilo. Aliomba nisiseme yuko wapi. Hakuomba nimwandikie akiwa kaburini. Alipotaka kusikia sauti, nilijibu kwamba kipaza sauti cha simu kimeharibika. Nimehesabu kwenye shajara. Ujumbe arobaini na mmoja kwa mama yake, ambao wewe ulimsomea, na tisa kwako. “Mambo yanashughulikiwa” ni yangu. “Tarehe kamili nitawajulisha” ni yangu. Ule wa “msiondoke kambini” niliuandika tarehe 11 Novemba mwaka jana, kwenye kaunta, kati ya mteja wa dawa ya kupe na mteja wa chanjo ya kuku. Niliogopa kwamba wakiondoka, mtu wa huko Burundi atataka kumpigia simu ya video na kumwona uso. Nilijilinda mimi, Magloire. Mama yake nikamfungia kambini ili nisigunduliwe.

Ndiyo maana nilikuwa mtoro. Ndiyo maana Kivumbi wako hana mzaha. Hukushindwa kumchora. Baridi haikumbadilisha. Ulikuwa unamchora Onésphore na kumjaza maneno yangu, na mimi mzaha sina, hata yeye alisema hivyo mbele ya darasa zima.

Sikuombi unisamehe, sioni ungeanzia wapi. Ninaomba mambo mawili. Barua hii usimsomee Mama Onésphore. Umemsomea vya kutosha vya mkono wangu. Nitakuja mwenyewe Jumamosi tarehe 24, nimeshaomba ruhusa kazini, nami nitamwambia kwa mdomo wangu, wewe ukiwa umeketi karibu naye na si karibu nami. Hapo zitabaki siku sita kabla orodha haijafungwa. Sijui kama Burundi kuna kitu kinachomngoja. Pengine hakuna. Nyumba yao ulisema iliuzwa. Lakini Kakuma hakuna kinachomngoja kabisa, na hilo mimi nililijua wakati yeye anakataa kuandikwa. Akitaka kuja kwanza Lodwar kuona ubao, nitamleta. Akitaka nisifike mlangoni pake tena, nitasimama barabarani.

La pili, Toleo la 18. Umeandika kwamba ndani yake kikosi kizima kitaota mabawa na kumfuata Kivumbi kwenye theluji, na kwamba tayari umechora kurasa sita. Usilichapishe. Sijui uweke nini badala yake. Nimefikiri siku kumi na mbili na sijapata hata picha moja ya kukushauri.

Jana baada ya ibada sauti ya Mama Onésphore iliingia tena kwenye ile simu. Anamwambia Onésphore kwamba mdogo wake anamsukuma sana aandikwe, watoto wanalia wanamtaka mama yao mkubwa aende nao, na yeye amewajibu kwamba hawezi kuondoka bila neno la mtoto wake. Anaomba aambiwe mara moja tu zaidi, aende au abaki. Nilisikiliza hadi mwisho. Vidole vyangu vilianza kuandika, Magloire, nakwambia ukweli, viliandika “Mama” na nukta yake. Nikafuta. Nimeizima simu na kutoa laini. Kuanzia jana mwanawe amenyamaza, na atakuuliza wewe kwa nini. Usimtungie sababu. Mwambie Christine anakuja Jumamosi.

Nisalimie Nyaruach, naye umwambie kabla sijafika, ili anitukane akiwa kwake na si mbele ya Mama. Wasalimie watoto wako na yule mzee wa duka la nakala. Mama yangu anakusalimu. Yeye alijua tangu siku ya kwanza na ameniombea kila Jumapili, lakini hakuwahi kuniambia niache. Mama Onésphore usimpe salamu zangu. Huyo nitamsalimu mwenyewe, kama atanipa mkono.

Ni mimi,
Christine Atabo