Watamwona Benchi

Ijumaa, baada ya magharibi

Eti "kocha wa muda". Mwenyekiti wa timu amelitamka leo mbele ya wachezaji wangu wote, mimi niliyewafundisha tangu kiangazi bila hata nauli. Kocha wa kulipwa hawamwezi, kasema, kwa kuwa hela yote imeenda kwa mshambuliaji wa kukodi kutoka Handeni.

Mshambuliaji mwenyewe hajakanyaga mazoezini hata siku moja. Atakuja kesho na bodaboda, saa ya mechi.

Nikamwambia mwenyekiti, "Mzee, asiyefanya mazoezi kwangu hachezi."

"Lakini mwalimu, watu wanakuja kumwona yeye."

"Basi watamwona benchi."

Naogopa, sitajidanganya. Tukifungwa na Mpale kesho, Kwamndolwa yetu nzima itasema mwanamke kawaponza. Na huenda kweli...

Ila vijana hawaniiti kocha wa muda. Wananiita mwalimu, na kwenye mpira mwalimu ndiye anayepanga timu. Hata mwenyekiti kaniita hivyo leo, ulimi umemteleza.

Orodha ya kesho ninayo hapa. Namba tisa, nafasi ya huyo wa kukodi, ni Shabani, fundi matofali, ambaye hajakosa mazoezi hata siku za mvua. Nimemwandika kwa peni, si penseli.