Wodi Aliyoifagia Dada

Shoga, hebu sikia haya. Dada katoka sasa hivi kwenye usaili wa kazi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wamemkataa.

Eti kwa sababu ya kile kioo cha mapokezi yao alichovunja kwa hasira mwaka ule, kaka yetu mgonjwa alipoachwa nje anaweweseka tangu asubuhi.

Muuguzi mkuu kamwambia, "Mwenye rekodi ya mahakama hatumweki karibu na wagonjwa."

Karibu na wagonjwa, shoga. Adhabu yenyewe ya mahakama si ilikuwa kufagia wodi ya hospitali hiyo hiyo miezi mitatu? Alifagia, akawalisha, akawachana nywele.

Dada katoa barua ya kumaliza adhabu: "Mpole, wagonjwa wanampenda." Sahihi ya nani? Ya muuguzi mkuu huyo huyo.

Kaisoma yote, haya hana, kamrudishia. "Ukitaka kujitolea bila mshahara, anza hata kesho."